Mgeni Aliyepotea na Haki ya Kujibiwa

Siku hizi waandishi wa habari za utalii wana mazoea ya kuusifu upotevu. Nenda Istanbul au Naples, wanasema, zima simu, acha ramani hotelini, ingia vichochoro usivyovijua, na humo ndimo utakamoujua mji na kujijua mwenyewe. Ushauri huo una utamu wake, wala si wa kipuuzi kabisa. Lakini ukiusoma ukiwa Ulemo, katika wilaya ya Iramba mkoani Singida, unatambua upesi kwamba aliyeandikiwa ni mtu mwingine: mwenye tiketi ya kurudi, mwenye akiba benki, mwenye hati ya kusafiria ambayo askari akishaifungua humrudishia kwa heshima. Kijana wa Ulemo anayefika mji wa ugenini, uwe Nairobi, Guangzhou au Muscat, kwa kawaida hakwenda kutembea. Amekwenda kutafuta kazi, kufungasha mzigo wa biashara, kusoma au kumfuata ndugu. Kwake kupoteza njia ni kupoteza nauli na siku nzima, pengine na kazi yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama kupotea kunamfundisha mtu jambo, yafaa kuuliza kwanza: aliyepotea amekosa nini hasa? Wengi watajibu kwamba amekosa kujua alipo. Mimi naona jibu hilo halitoshi, na kwa sehemu kubwa si kweli. Alichokosa ni mtu mwenye wajibu wa kumjibu. Tukilikubali hilo, itatubidi tufikiri upya juu ya mambo kadhaa tunayoyachukulia kuwa yameshaeleweka, uongofu wa dini ukiwamo.

Tuanzie nyumbani. Mtu wa Ulemo anajuaje alipo? Hana ramani, na akipewa pengine hataitumia. Mahali kwake huelezwa kwa watu na kwa kazi za watu: kwa mzee fulani, nyuma ya kanisa, ukishapita mashine ya kusaga, ukivuka korongo uulize tena. Hilo neno la mwisho, uulize tena, ni sehemu halali ya maelekezo, kwa kuwa anayeelekeza anafahamu kwamba huko mbele atakuwapo mwingine wa kuendeleza pale alipoishia yeye. Ujuzi wa njia haumo kichwani mwa mmoja. Umegawanywa kijiji kizima, kila mtu ana kipande chake. Mwaka 2022, kuelekea Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti, serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi nchi nzima, nguzo za majina ya barabara zikasimikwa na nyumba zikapewa namba. Kazi hiyo ina manufaa yake, kwa zimamoto, kwa gari la wagonjwa, kwa mtu anayetuma mzigo. Hata hivyo mgeni akiuliza nyumba namba fulani katika kitongoji, kuna uwezekano mkubwa ataulizwa naye: unamtafuta nani? Swali hilo si la udadisi mtupu. Anayeuliza anajaribu kumweka mgeni ndani ya mtandao wa watu, kwa maana akishajua mgeni huyu ni wa nani, njia inapatikana yenyewe.

Mwanafalsafa Mfaransa René Descartes, katika kitabu chake cha mwaka 1637 juu ya mwenendo wa kutumia akili, alitoa kanuni kwa watu waliopotea msituni. Wasizungukezunguke, alisema, wala wasisimame mahali pamoja. Wachague upande mmoja na waufuate moja kwa moja, hata kama waliuchagua kwa kubahatisha, kwani angalau watatokea mahali fulani palipo bora kuliko katikati ya msitu. Ni kanuni maridadi, lakini miguu ya binadamu haiitii. Mwaka 2009 watafiti walioongozwa na Jan Souman walichapisha majaribio waliyoyafanya katika msitu mmoja wa Ujerumani na katika jangwa la Sahara upande wa Tunisia: watu walioambiwa waende moja kwa moja walipinda, na jua lilipofichwa na mawingu wengine waliishia kuzunguka na kukata njia yao wenyewe bila kutambua. Mtu akiachwa na hisia zake tu anajizunguka. Ili anyooke anahitaji kitu cha nje yake, jua au mlima au sauti. Lakini kuna jambo kubwa zaidi katika mfano wa Descartes, nalo ni kwamba alichagua msitu. Mtu wake yuko peke yake, au yuko na wenzake ambao nao hawajui kitu. Falsafa nyingi iliyofuata imebaki msituni humo, ikimfikiria mwenye kutafuta ukweli kama mtu asiye na wa kumuuliza. Mji ni kinyume cha msitu. Aliyepotea mjini amezungukwa na maelfu ya watu wanaojua vizuri kabisa kile asichokijua yeye, umbali wa mkono mmoja. Ujuzi upo tele, nao unampita mabegani. Ndiyo maana upotevu wa mjini una uchungu wa namna yake, na ndiyo maana unatufundisha juu ya hali yetu kuliko ule wa msituni.

Vitabu vya dini mbili zinazoishi pamoja Iramba vinajua jambo hili. Injili ya Luka inasimulia safari ya Yesu kwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka akiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Wazazi walipogeuka kurudi, walidhani mtoto yumo msafarani. Wakaenda mwendo wa siku nzima kabla ya kuanza kumtafuta, na walimtafuta kwanza kwa jamaa na watu wanaowafahamu. Walimkuta baada ya siku tatu, hekaluni, ameketi kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Angalia nani amepotea katika kisa hiki. Mtoto hakujiona amepotea hata kidogo, na jibu alilompa mama yake linaonyesha mshangao kwamba walimtafuta kwingine. Waliohangaika na mji ule mkubwa, wakipita wakiuliza, ni wazazi, watu wazima walioijua njia ya Yerusalemu maana kila mwaka waliipita. Na mtoto, aliyekuwa mgeni zaidi ya wote, alikuwa salama kwa sababu alikuwa mahali ambapo akiuliza anajibiwa. Mara nyingi wahubiri hukipitia kisa hiki wakikimbilia jibu la Yesu. Mimi napenda kukawia pale alipoketi, kwenye maswali.

Upande wa Kurani, Sura ya 93, Adh-Dhuha, inamkumbusha Mtume Muhammad mambo matatu: kwamba Mungu alimkuta yatima akampa makazi, alimkuta hajui njia akamwongoza, alimkuta mhitaji akamtosheleza. Wafasiri wamelieleza lile la pili kwa namna nyingi, wengi wakisema ni kutoijua bado sheria na ufunuo. Lakini baadhi ya wafasiri wa kale wamepokea pia maelezo ya wazi na ya mwilini: kwamba alipokuwa mtoto alipotea pembezoni mwa Makka, akarudishwa kwa babu yake, Abdul-Muttalib. Sihitaji kuamua ufafanuzi upi una nguvu zaidi. Kinachonivuta ni kinachofuata. Baada ya ukumbusho zinakuja amri, na miongoni mwake imo ya kutomkaripia mwenye kuomba, ambaye wafasiri wengine wamesema ni pamoja na mwenye kuuliza, anayetaka kujua. Aliyewahi kuonyeshwa njia anaambiwa awe mtu wa kujibu. Uongofu hapa haupewi kama mali ya kufungia sandukuni. Ni jibu ambalo aliyelipokea amejikuta ana deni nalo kwa kila anayeuliza.

Mwenye mashaka anaweza kusema kwamba hizi ni tafsiri za kiroho, na kwamba mtu aliyesimama njia panda ya Guangzhou hazimsaidii. Basi tutoke kwenye tafsiri twende kwenye sheria, ambako mambo hayana ushairi. Wanazuoni wa fikihi waliulizwa tangu zamani: msafiri akifika mji asioujua, wakati wa swala umefika na hajui kibla iko upande gani, afanye nini? Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mpangilio ni kwamba akipata habari kwa mtu mwaminifu anayeijua kibla kwa hakika, anaifuata habari hiyo. Kutumia jitihada yake mwenyewe, kwa jua au nyota au upepo, kunakuja baadaye, pale asipompata mtu wa namna hiyo. Hapo Descartes amepinduliwa kabisa. Akili ya mtu binafsi haidharauliwi, ila imewekwa nyuma ya neno la mwenyeji anayeaminika. Sheria hiyo hiyo inamhesabu msafiri aliyekwama kuwa miongoni mwa mafungu manane ya wanaostahili zaka, waliotajwa katika Sura ya 9, hata akiwa tajiri kwao. Wanasheria walielewa kwamba utajiri wa mtu unakoma pale anapokoma kujulikana.

Pingamizi kubwa la siku hizi liko mfukoni. Simu yenye ramani, watu watasema, imemaliza habari hii. Nukta ya buluu inamwonyesha mtu alipo kutoka Kiomboi huku Iramba mpaka Shanghai, na hana haja ya kumuuliza yeyote. Nalikubali kwa sehemu. Simu imewaokoa watu wengi na aibu na hatari, hasa wanawake wanaofika mijini usiku, na anayeibeza kwa kutamani zama za kuuliza njia pengine hajawahi kushuka stendi ya ugenini saa nane za usiku. Lakini tazama simu inatoa nini. Ramani iliyomo ni maneno ya watu wengine: kuna aliyepima barabara, aliyeandika jina la duka, aliyesahihisha kwamba daraja limevunjika. Anayeifuata amewaamini watu asiowaona, wengi kuliko yule ambaye angemuuliza palepale. Na hapo sijataja bando kuisha, chaji kukata, wala ukweli kwamba China ramani nyingi tulizozizoea hazifanyi kazi sawasawa. La muhimu zaidi ni kwamba nukta ya buluu inaweza kumwambia mtu alipo kwa usahihi wa mita chache huku akiwa amepotea kabisa.

Ushahidi wa hilo ni wa kabla ya simu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Jina lake limefungamana na Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, ambacho hadi leo wanaoandika juu ya maisha ya pwani hawawezi kukiruka. Alioa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1905 akafunga safari naye kurudi Afrika Mashariki. Watawala wa koloni hawakuwaruhusu kukaa. Ndoa ya Mwafrika na mwanamke wa Kizungu ilikuwa jambo wasilotaka lionekane kwenye mitaa ya Dar es Salaam. Ikabidi warudi Ujerumani, na huko Mtoro akabaki mpaka alipofariki mwaka 1927. Mtu huyu alikuwa kwenye pwani yake. Alijua majina ya miji, desturi za kila nyumba, maneno ya kubishia hodi. Aliyajua kiasi cha kuwafundisha wengine. Ungemuuliza uko wapi, angejibu vizuri kuliko maofisa waliomzuia. Alichonyimwa ni jibu: aliomba kuingia kwao na waliokuwa na mamlaka ya kujibu walimfungia mlango. Berlin alijua barabara kwa miaka zaidi ya ishirini, na sidhani kama tuna haki ya kusema kwamba aliacha kuwa mtu aliyepotea kwa sababu tu aliweza kurudi nyumbani kwake bila kuuliza.

Sasa turudi kwenye mkoa wetu. Singida ni miongoni mwa mikoa ambayo kwa miaka mingi imetoa wasichana wa kazi za ndani kwenda Dar es Salaam, na wengine kutoka Tanzania huvuka zaidi, mpaka Oman na Falme za Kiarabu. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania katika nchi hizo mbili, ikieleza hati za kusafiria zilizoshikwa na waajiri, mishahara isiyolipwa, kufungiwa ndani, na utaratibu wa udhamini unaomfanya anayekimbia nyumba ya mwajiri kuonekana mhalifu. Mfikirie mtu wa namna hiyo anapotoka mlangoni. Hajui barabara, kweli, lakini hilo ni dogo. Askari akimwonyesha njia, anaweza kumwonyesha ya kurudi alikotoroka. Kila anayemuuliza huenda akawa mlango wa kurudishwa. Mwandishi wa utalii akimwambia kwamba kupotea ni njia ya kujijua, amemtukana. Na hapa pia pana jambo la kutufanya tusikate tamaa haraka: Muscat ni mji ambamo Kiswahili kinasikika, kwa sababu ya familia zilizotoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 na nyingine zilizokuja baada ya Sultani Qaboos wa Oman kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani wa nje warudi. Msichana wa Iramba anaweza kuuliza kwa lugha anayoijua na kueleweka. Anaweza pia kukuta kwamba aliyemdhulumu ndiye aliyemwamrisha kwa lugha hiyo hiyo. Kueleweka si sawa na kujibiwa.

Hilo linatuleta kwenye pingamizi ninaloliona zito kuliko la simu. Ikiwa mgeni anaishi kwa neno la wenyeji, basi amekabidhiwa kwa matapeli. Kila stendi kubwa ina wapiga debe wanaomvuta mgeni begi, kila mji una madalali wa vyumba visivyokuwapo, na mabinti wengi waliofika ughaibuni na kudhulumiwa walifikishwa huko na mawakala waliowaambia maneno matamu. Mtu mwenye busara, pingamizi linasema, huwashuku wote na kujitegemea. Nalijibu kwa mambo mawili. La kwanza, kujitegemea hakumo katika orodha ya yanayowezekana. Anayemkwepa mpiga debe anafuata kibao, na kibao kiliandikwa na mtu. Swali ni nani wa kumwamini, siyo kama tuamini. Ndiyo maana fikihi haikusema fuata neno la yeyote, ilisema la mtu mwaminifu anayejua, ikabeba masharti mawili kwa pamoja, uadilifu na ujuzi. La pili, uwezekano wa kudanganywa unathibitisha hoja badala ya kuibomoa. Tapeli anayempoteza mgeni hamnyimi habari tu. Anatumia kule kuuliza kwenyewe, ile hali ya mtu kunyoosha mkono, kama silaha. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, kinapoorodhesha waliolaaniwa, kinamweka humo anayempotosha kipofu njiani, pamoja na anayepotosha haki ya mgeni na yatima. Hilo halihesabiwi kuwa kosa dogo la ulimi. Lingekuwa dogo kama njia ingekuwa habari tu.

Kuna udanganyifu mwingine, wa watu wema, ambao sisi tunaufahamu vizuri. Anayetembea katika vijiji vya Iramba akiuliza umbali ataambiwa ni hapo mbele tu, si mbali, hata kama mbele huko ni mwendo wa saa mbili na jua linazama. Anayejibu hivyo hana nia mbaya. Hataki kumvunja mgeni moyo, na pengine anaona haya kukiri kwamba hajui. Wapo watakaomtetea kwa kusema kwamba moyo wa ukarimu unazidi usahihi. Ningelikubali kama mgeni angekuwa anatafuta kufarijiwa. Lakini ikiwa anachokosa ni mtu wa kuwajibika kwake, basi jibu la uongo, hata la upole, linamwacha vilevile alivyokuwa, ila sasa hajui tena kwamba hajajibiwa. Sijui, hebu tumuulize yule, ni jibu kamili. Linampa mgeni kitu cha kweli juu ya mahali alipo na linamfungulia kipande kinachofuata cha ujuzi wa kijiji. Na pale mwenyeji anapoacha jembe lake na kumsindikiza mpaka njia panda ya Misigiri, yanapopita malori ya Rwanda na Burundi yenye madereva ambao nao wako mbali na kwao, deni limelipwa kwa ukamilifu zaidi, kwa maana jibu limepewa kwa miguu. Kinachobaki kigumu ni kiasi gani cha deni hilo kinaweza kudaiwa na mgeni asiye na mwenyeji wa kumsindikiza: kutoka kwa balozi aliye Muscat, kwa ofisa wa uhamiaji, kwa wakala aliyesaini mkataba. Hao ndio waliochukua nafasi ya mtu wa njiani, wanalipwa kwa nafasi hiyo, na mara nyingi ndio wepesi zaidi wa kusema ni hapo mbele tu.